Barua ya Nero, Mkono wa Seneca

Mwaka 59, siku chache baada ya sikukuu ya mungu wa kike Minerva, ambayo Warumi waliiadhimisha mwezi Machi, maseneta wa Roma walisomewa barua iliyotoka Naples. Aliyeituma ni Kaisari Nero, kijana wa miaka 21. Habari yenyewe ilikuwa nzito: mama yake, Agrippina, amekufa. Barua ilieleza kwamba mama huyo alimtuma mtu wake, mtumwa aliyepewa uhuru aitwaye Agermus, akamuue Kaisari. Agermus akakamatwa akiwa na upanga, na mama, kwa kujua alilolitenda, akajiadhibu mwenyewe. Kisha zikafuata lawama za miaka mingi: kwamba alitaka kutawala bega kwa bega na mwanawe, kwamba alitaka askari wamlie kiapo yeye, mwanamke. Hata merikebu iliyomvunjikia baharini usiku wa kifo chake ilitajwa, kwa kupita tu, kama ajali.

Mjini hakuna aliyedanganyika. Mwanamke aliyeponea chupuchupu kuzama, usiku, akiwa na jeraha begani, anapata wapi akili ya kumtuma mtu mmoja na upanga mmoja kuwapenya walinzi wote wa Kaisari? Lakini Tacitus, mwanahistoria aliyetuachia kisa hiki kwa urefu, anaongeza jambo ambalo msomaji hulipita haraka kisha akarudi kulisoma tena. Anasema manung'uniko ya watu hayakumwelekea Nero. Nero walishamkatia tamaa. Walimnung'unikia Seneca, kwa kuwa ndiye aliyeiandika barua ile, na kwa kujitetea namna ile alikuwa amekiri kosa kwa maandishi.

Lucius Annaeus Seneca alizaliwa Corduba, Hispania, karibu na mwaka 4 kabla ya Kristo, akakulia Roma, pumu ikimsumbua tangu ujana. Wasomaji wa Biblia wanamjua kaka yake pasipo kujua kwamba wanamjua: ndiye yule Galio, liwali wa Akaya, ambaye katika Matendo ya Mitume aliwafukuza washitaki wa Paulo kule Korintho, na hata mtu alipopigwa mbele ya kiti chake cha hukumu hakujali. Ukoo ule ulijua kuvaa miwani ya mbao. (Natania, lakini si sana.)

Seneca alifuata falsafa ya Wastoiko, waliofundisha kwamba kitu chema pekee ni tabia njema, na kwamba mali, cheo, afya na hata uhai ni vitu vya kupita, mwenye hekima huviacha bila kulia. Yeye mwenyewe alipopelekwa uhamishoni Corsica mwaka 41, kwa shitaka la kuzini na dada wa mtawala aliyemtangulia Kaisari Claudius, alimwandikia mama yake kitabu cha kumtuliza, akieleza kuwa mwenye hekima hana uhamisho kwa sababu dunia yote ni kwao. Kutoka kisiwa hicho hicho alimwandikia pia Polybius, mtumwa huria aliyeshika maombi ya raia katika ikulu ya Claudius. Humo sifa za Kaisari zinamwagika kama uji uliozidi chungu. Alitaka kurudi nyumbani, na hilo si dhambi. Ila vitabu vyote viwili vipo hadi leo, na mtu anaweza kuvisoma jioni moja.

Aliyemrudisha, mwaka 49, ni Agrippina mwenyewe, mke mpya wa Claudius. Alihitaji mwalimu wa mwanawe wa miaka 11. Miaka mitano baadaye Claudius alikufa, na Warumi wengi waliamini ni kwa uyoga wenye sumu uliotoka mkononi mwa mke huyo. Nero akakalia kiti akiwa bado hajatimiza miaka 17. Hotuba aliyoisoma mazishini ilitungwa na Seneca, na ilipofika mahali pa kusifu busara ya marehemu, waombolezaji walishindwa kuzuia kicheko. Muda si mrefu mwandishi yule yule akatoa kijitabu cha kejeli, Apocolocyntosis, ambamo Claudius anabisha hodi mbinguni na miungu inamfukuza. Mdomo mmoja ulimzika Kaisari kwa heshima na kumzika tena kwa dhihaka.

Mwaka 55 kijana Britannicus, mwana wa Claudius, alikuwa mezani na vijana wenzake wa ikulu. Kinywaji chake kilionjwa kwanza, kama ilivyokuwa desturi, kikawa cha moto mno. Akaongezewa maji baridi, na sumu ilikuwa ndani ya maji. Sauti na pumzi vikakatika papo hapo. Nero, akiwa ameegemea kiti chake, akasema ni kifafa tu, atazinduka. Waliokaa karibu wakatawanyika, lakini wenye akili zaidi wakabaki mahali pao wakimtazama Nero usoni. Octavia, dada wa marehemu na mke wa Nero, alikuwa binti mdogo, ila alikwisha kujifunza kuficha huzuni, upendo na kila kitu. Baada ya ukimya mfupi karamu ikaendelea.

Kabla mwaka mwingine haujaisha Seneca alimwandikia Nero kitabu juu ya huruma ya mtawala, akimsifu kwamba hajamwaga tone la damu ya raia.

Ni rahisi kumwita mnafiki na kufunga kitabu, na wapo waliomwita hivyo angali hai. Mwaka 58 Publius Suillius, mshitaki mzee mwenye ulimi mchafu, aliuliza hadharani ni falsafa ipi iliyomfundisha mtu kukusanya sesterti milioni 300 katika miaka minne ya urafiki na Kaisari. Askari wa kawaida wa jeshi la Roma wakati huo alilipwa sesterti 900 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe: fedha hizo zingelipa mshahara wa mwaka wa askari zaidi ya laki tatu. Cassius Dio, aliyeandika zaidi ya miaka 100 baadaye na ambaye hampendi Seneca hata kidogo, anadai alikuwa na meza 500 za mbao za thamani, zote zenye miguu ya pembe za ndovu.

Lakini mimi sidhani unafiki unatosha kueleza. Miaka ile ya mwanzo, Seneca na Burrus, mkuu wa walinzi wa Kaisari, ndio hasa waliokuwa wakiendesha dola, na waliiendesha vizuri kuliko wengi waliowatangulia. Walimzuia Agrippina asiwaue aliowachukia. Walimwachia kijana starehe zake ndogo ili asizitafute kubwa. Hesabu yao ilikuwa ile ambayo kila mtu aliyekaa karibu na mwenye nguvu ameipiga walau mara moja: nikiondoka mimi, atakayeingia ni mbaya kuliko mimi. Mara nyingi hesabu hiyo ni sahihi. Taabu yake ni kwamba haisemi ifike wapi ndipo mtu asimame.

Turudi basi kwenye usiku ule wa Machi, maana barua ilianzia huko.

Nero alimwalika mama yake Baiae, ufukwe wa matajiri kwenye Ghuba ya Naples. Akamkaribisha kwa bashasha, akala naye hadi usiku mwingi, akamsindikiza akimkumbatia na kumtazama machoni. Merikebu aliyopanda ilikuwa imetengenezwa ivunjike. Usiku ulikuwa wa nyota nyingi na bahari imetulia, jambo ambalo lingefanya ajali iwe ngumu kuaminika. Ishara ilipotolewa, paa lililotiwa risasi liliporomoka, likamuua papo hapo mmoja wa waliokuwa na Agrippina. Yeye na mwanamke wake wa karibu, Acerronia, waliokolewa na kingo za kitanda chao zilizokuwa imara. Acerronia, majini, akapiga kelele kwamba yeye ndiye Agrippina, mama wa Kaisari, aokolewe. Mabaharia wakampiga kwa makasia na miti mpaka akafa. Agrippina aliona, akafunga mdomo, akaogelea mpaka alipokutana na mashua za wavuvi.

Nyumbani alielewa yote, na akaelewa pia kwamba dawa pekee ni kujifanya hajaelewa. Akamtuma Agermus amwambie mwanawe kwamba miungu imemnusuru, asijisumbue kuja kumtazama kwa sasa.

Nero alipopata habari alichanganyikiwa. Akawaita Seneca na Burrus, pengine wakiwa hawajui lolote kabla ya hapo. Tacitus anaandika kwamba wote wawili walinyamaza muda mrefu. Napenda kufikiri juu ya ukimya huo kuliko karibu kila kitu kingine katika historia ya Roma. Walikuwa watu wawili wazima wenye heshima zao, saa za alfajiri, mbele ya kijana waliyemlea. Walijua kwamba wakimwambia aache hawatasikilizwa, na kwamba mama aliyejeruhiwa asipokufa, mwana hatapona. Hatimaye Seneca akathubutu. Akamtazama Burrus, kana kwamba anamsogezea yeye mzigo, akauliza kama askari wanaweza kuamriwa kuua. Burrus akajibu kwamba walinzi wake wamefungwa na kiapo kwa nyumba yote ya Makaisari, hawatamgusa binti wa jemadari Germanicus. Anicetus, mkuu wa manowari za Misenum, ndiye aliyeahidi kuifanya kazi hiyo, basi na amalizie.

Hilo ndilo lililotoka katika falsafa yote ile, swali la utaratibu. Agermus alipofika na ujumbe, Nero alitupa upanga miguuni pake na kuamuru afungwe kwa kosa la kuja kuua. Anicetus akaenda na watu wake, wakamkuta Agrippina chumbani na mjakazi mmoja, taa ikiwaka kidogo. Akida alipochomoa upanga, mama aliwaonyesha tumbo lake, akataka wapige hapo.

Na Seneca akaketi kuandika. Funika kombe, mwanaharamu apite.

Seneti ilipoisikia barua, maseneta walishindana kupendekeza. Shukrani zitolewe katika mahekalu yote. Michezo ifanyike kila mwaka katika sikukuu ya Minerva, siku njama ilipogunduliwa. Sanamu ya dhahabu ya Minerva iwekwe ndani ya jumba la Seneti na ya Kaisari pembeni yake. Siku aliyozaliwa Agrippina ihesabiwe miongoni mwa siku za nuksi. Vijana wa Dar es Salaam leo wana neno la watu wa namna hiyo, machawa, na sijapata katika Kilatini neno linalowafaa maseneta wale vizuri zaidi.

Katikati ya mashindano hayo seneta mmoja alisimama akatoka nje. Jina lake Thrasea Paetus, mtu wa Patavium, mji unaoitwa Padua siku hizi, naye pia mfuasi wa Wastoiko. Hakuhutubia. Zamani, sifa za kupita kiasi zilipopigiwa kura, alinyamaza au alikubali kwa maneno mafupi. Safari hii miguu yake ilisema.

Tacitus anamheshimu Thrasea kuliko karibu kila mtu katika kitabu chake. Hata hivyo hukumu yake juu ya kitendo hiki ina ubaridi: alijitafutia hatari, na wengine hakuwafungulia mlango wowote wa uhuru. Nimeisoma hukumu hiyo mara nyingi na kila mara inanikera. Lakini ili kuielewa, lazima kujua Tacitus alikuwa nani, na nitafika hapo.

Baada ya mwaka 59 Seneca hakuwa tena na pa kusimama. Mwaka 61 Pedanius Secundus, mkuu wa mji wa Roma, aliuawa nyumbani kwake na mtumwa wake mmoja. Desturi ya zamani ilitaka kila mtumwa aliyekuwa chini ya paa hilo auawe, na walikuwa 400, wanawake na watoto wamo. Watu wa mjini walijaa barabarani wakiwa na mawe na mienge, wakipinga. Seneti ikaamua desturi ifuatwe. Nero akapanga askari njia nzima, watumwa wakapitishwa katikati kwenda kufa. Tacitus anasimulia mjadala huo na kumtaja aliyeshinda, Cassius Longinus, kwa hotuba ndefu. Seneca, mtu wa pili kwa nguvu katika dola, hatajwi hata mara moja. Baada ya miaka michache akiwa nje ya madaraka, katika barua zake 124 kwa rafiki yake Lucilius, ataandika moja juu ya watumwa kwamba ni binadamu, ni wenzetu chini ya bahati ile ile, ikiwezekana tule nao meza moja. Ni barua nzuri. Ingefaa sana mwaka 61.

Burrus alikufa mwaka 62. Seneca akamwomba Nero ruhusa apumzike, akataka kumrudishia mali yote. Nero akamkumbatia, akambusu, akakataa, kwa maneno laini aliyojifunza kwake. Seneca akajitenga hata hivyo, akisingizia ugonjwa na masomo. Alikula matunda ya shambani na kunywa maji ya mto unaotiririka, kwa kuogopa sumu. Miaka hiyo mitatu ndiyo aliyoandika vizuri kuliko yote. Katika kitabu chake juu ya mambo ya asili anasimulia alivyozungumza na maakida wawili waliotumwa na Nero kutafuta chanzo cha Nile. Walipanda na mto kuvuka nchi ya Kushi hadi wakazuiwa na vinamasi visivyo na mwisho, majani yamefungamana na maji, mahali ambapo wengi wetu tungepatambua kuwa ni Sudd ya Sudan Kusini. Mzee huyo mwenye pumu, anayesubiri kuuawa, anauliza maswali juu ya maji ya Afrika kwa hamu ya mtoto. Hapo ndipo ninapompenda, na ndiyo maana naona ugumu kumhukumu.

Aprili 65 njama ya kumwondoa Nero iligunduliwa, na Seneca akatajwa. Akida alifika shambani kwake na amri. Seneca akaomba wosia wake, akakataliwa. Akawaambia rafiki zake kwamba anawaachia kitu kimoja kizuri alicho nacho, sura ya maisha yake. Akakata mishipa, damu ya mwili mkavu wa mzee ikatoka polepole. Akanywa sumu, ikashindwa. Mwishowe akaingia katika maji ya moto, akawanyunyizia watumwa waliokuwa karibu, akasema ni sadaka kwa Jupiter Mkombozi.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Thrasea. Kwa miaka mitatu alikuwa hakanyagi Seneti, na mashitaka yakageuka orodha ya vitu ambavyo hakuvifanya: hakuhudhuria, hakutoa sadaka kwa ajili ya sauti ya Kaisari ya kuimbia, hakuja mazishini kwa mke wa Kaisari. Kule kutoka kwake mwaka 59 nako kulikumbukwa. Siku ya kesi askari wenye silaha walikuwa wamezunguka. Tribuni mmoja kijana, Arulenus Rusticus, alitaka kutumia haki yake ya kuzuia azimio, na Thrasea akamkataza: haitaniponya, na wewe itakuua. Washitaki wakuu wawili walilipwa sesterti milioni 5 kila mmoja.

Rusticus aliishi miaka 27 zaidi. Mwaka 93, chini ya Kaisari Domitian, aliuawa kwa kuandika kitabu cha kumsifu Thrasea, na kitabu kikachomwa hadharani Roma. Mwaka huo huo mjukuu wa kufikia wa Thrasea, Helvidius, alikamatwa mbele ya Seneti. Mmoja wa maseneta wa zama hizo alikuwa Cornelius Tacitus, aliyepandishwa vyeo na Domitian mwenyewe. Domitian alipouawa mwaka 96, Tacitus akaandika kitabu chake cha kwanza, maisha ya baba mkwe wake Agricola. Humo anawatetea waliotii watawala wabaya kwa kiasi huku wakifanya kazi ya maana, na kuwakosoa wanaotafuta sifa kwa kifo cha kujionyesha. Kisha, karibu na mwisho, anaandika kwamba ni mikono yetu iliyompeleka Helvidius gerezani. Anasema yetu, si yao.

Kwa hiyo anapomwambia msomaji kwamba Thrasea hakumkomboa mtu, anayesema ni mtu aliyebaki kitini.

Na bado ndiye aliyekaa miaka mingi akikusanya kila hatua ya mtu aliyetoka. Kifo cha Thrasea amekisimulia taratibu kuliko alivyosimulia vita. Jioni, bustanini, wageni wengi, na mwenye nyumba akizungumza na mwanafalsafa Demetrius juu ya roho na jinsi inavyoachana na mwili. Habari ya hukumu inafika, watu wanalia, na Thrasea anawahimiza waondoke upesi wasije wakahusishwa naye. Mkewe, Arria, anataka kufa naye, na Thrasea anamsihi abaki kwa ajili ya binti yao. Anatoka barazani kumpokea mhazini wa konsuli aliyeleta amri, kijana; uso wa Thrasea una furaha kwa sababu amesikia kwamba mkwewe amefukuzwa Italia tu, hakuhukumiwa kufa. Chumbani anatoa mikono yote miwili. Damu inapoanza kutoka anainyunyiza sakafuni, anamwita kijana asogee, anasema ni sadaka kwa Jupiter Mkombozi, anamwambia atazame, kwa kuwa amezaliwa katika zama ambazo inafaa mtu aimarishe moyo kwa mifano ya uthabiti. Kifo kinachelewa, maumivu yanazidi, anamgeukia Demetrius.

Maandishi yanakatika hapo, sentensi haijaisha. Nakala ya Kilatini iliyobeba sehemu hiyo hadi zama zetu iliandikwa Monte Cassino katika karne ya 11, na leo imehifadhiwa Florence, katika maktaba ya Laurenziana.